Mbwa Anapojikojolea Akikupokea

Honi inalia getini, mlinzi anafungua, na mbwa wa miezi mitano anatoka mbio kumpokea baba mwenye nyumba. Akimkaribia anapunguza mwendo, anainama, masikio yanalala nyuma, na mkojo unachuruzika juu ya vigae vya baraza. "We! Tena?" Mbwa analala chali, mkojo unazidi. Dada wa kazi anaitwa aje na kideki, watoto wanapiga kelele wakikwepa, na jioni imeshachafuka kabla baba hajavua viatu. Kesho yake mambo ni yaleyale.

Nyumba nyingi zenye mbwa mdogo zinalijua jambo hili, na nyingi hulishughulikia kwa namna moja: anafokewa, anapigwa kofi, anasukumiwa pua kwenye mkojo wake, au anafungwa nyuma ya nyumba asionekane na wageni. Njia hizo ndizo zinazolikomaza tatizo. Mbwa huyu hajasahau choo kiko wapi. Anakusalimia, ama kwa kujishusha mbele yako, ama kwa furaha iliyokishinda kibofu chake. Tiba yake haina gharama kubwa wala haihitaji mwalimu wa mbwa kutoka mbali. Ugumu wake ni mmoja: wa kwanza kubadilika ni wewe, kisha kila mtu anayeishi au kufanya kazi hapo nyumbani.

Anza kwa kumtazama mbwa mwenyewe kabla ya kutazama sakafu. Kuna mkojo wa furaha na kuna mkojo wa unyenyekevu, na ukiwa makini huwezi kuvichanganya. Mbwa mwenye furaha amesimama wima au anarukaruka. Mkia unazunguka na kiuno chote kinafuata, mdomo uko wazi, macho yanakutafuta, na matone yanadondoka huku anatembea. Mara nyingi hana hata habari kwamba anakojoa.

Mnyenyekevu anajifanya mdogo. Anakuja kwa kujipinda, ubavu ukitangulia, tumbo karibu liguse chini. Amefyata mkia, au anautikisa chinichini kwenye ncha tu. Masikio yamebanwa kichwani, macho yanakwepa mpaka weupe wake unaonekana, ulimi unachomoka haraka kulamba midomo. Wapo wanaovuta midomo nyuma hadi meno ya mbele yakaonekana, na watu wakadhani mbwa anataka kuuma, kumbe hiyo nayo ni ishara ya kuomba amani. Mwisho anaanguka ubavu au chali, anainua mguu mmoja wa nyuma, na mkojo unatoka. Angalia pia ni wakati gani. Wa furaha hukojoa ukirudi, mgeni akibisha hodi, au akiona umeshika kamba ya matembezi. Wa unyenyekevu hukojoa ukimwinamia, ukimnyooshea mkono kichwani, ukikaza sauti, hata watu wazima wakigombana sebuleni kwa jambo lisilomhusu kabisa. Na wapo wenye yote mawili, hasa watoto wa miezi mitatu hadi minane.

Unyenyekevu huu una asili yake. Mtoto wa mbwa akizaliwa hawezi kukojoa kwa nguvu zake mwenyewe. Kwa wiki mbili tatu za mwanzo mama humgeuza chali, humlamba tumbo na sehemu za chini, ndipo mkojo unatoka, na mama anausafisha kwa ulimi. Mwaka 1967, Rudolf Schenkel, mtaalamu wa tabia za wanyama kutoka Uswisi, alichapisha makala kuhusu namna mbwa mwitu wa nchi za baridi na mbwa wa kufugwa wanavyojishusha mbele ya wenzao. Alitofautisha kujishusha kwa kujipeleka, ambako mnyama humwendea mkubwa wake na kumlamba mdomo, na kujishusha kwa kulala chali na kutulia. Huku kwa pili alikuona kuwa ni mkao uleule wa mtoto anayesafishwa na mama yake. Mbwa anayekulalia chali na kukojoa anakuambia kwa mwili wake wote kwamba yeye ni mtoto na hana ugomvi nawe.

Kwa mbwa wenzake ujumbe huo unatosha. Mkubwa ananusa, anaridhika, anaondoka. Kwa binadamu mambo yanaharibika hapo hapo. Mbwa ameomba amani, wewe umefoka. Kwa akili yake hukumsikia, kwa hiyo anaomba tena kwa nguvu zaidi, yaani anakojoa zaidi. Ukiongeza kofi, umemthibitishia kwamba kweli wewe ni wa kuogopwa, na kesho ataanza kuomba mapema, ukiwa bado uko getini.

Hapa ndipo wengi hunijibu kwamba mbwa wao anajua kosa lake, kwa kuwa usoni anaonekana ana hatia. Alexandra Horowitz wa Chuo cha Barnard, New York, alilipima jambo hilo katika utafiti uliochapishwa mwaka 2009, akiwatumia mbwa 14 na wenye mbwa hao. Mbwa alikatazwa kula biskuti, kisha mwenye mbwa akatoka chumbani. Aliporudi, safari nyingine aliambiwa kwamba mbwa amekula ilhali hakula. Uso ule wa hatia ulifuata kufokewa, haukufuata kosa. Mbwa ambao hawakugusa kitu walijikunyata vilevile walipofokewa. Kwa hiyo mbwa wako anapojikunja pembeni ya mkojo, anasoma uso wako na sauti yako. Methali ya samaki mkunje angali mbichi, ambayo watu huisema wakishika fimbo, kwa mbwa wa aina hii inafanya kazi kinyume: ukimkunja kwa fimbo angali mdogo, utakuwa na mbwa mzima anayejikojolea kila mtu akiinua mkono kujikuna.

Kabla ya kuanza mafunzo yoyote, hakikisha si ugonjwa. Mpeleke kwa daktari wa mifugo ikiwa anakojoa usingizini au anaacha matone pale alipolala, anakojoa kidogokidogo kwa kujikamua, mkojo una damu au harufu isiyo ya kawaida, anakunywa maji kupita kiasi, au alikuwa ameacha tabia hii na sasa imerudi ghafla. Huenda ni maambukizi ya njia ya mkojo, mawe kwenye kibofu, kisukari au figo. Jike aliyefungwa kizazi anaweza kulegea msuli unaobana mkojo, na kwa hilo dawa zipo. Mtoto anayevuja tangu siku uliyomchukua, usiku na mchana, awe na furaha au amelala, anaweza kuwa amezaliwa na mirija ya mkojo isiyoishia mahali pake. Chukua mkojo wa asubuhi kwenye chombo kisafi uende nao. Usimpe dawa za watu: paracetamol na ibuprofen zinaweza kumuua. Usimnyime maji ukidhani utapunguza mkojo. Kwenye joto la mwambao unamtesa bure, na mkojo mzito unachokoza kibofu zaidi. Dume linaloinua mguu kwenye ukuta au tairi linaweka alama yake, na mbwa anayekojoa kona ya sebule wakati hakuna mtu bado hajafunzwa choo. Hayo yana dawa zake nyingine.

Ukishajua ni unyenyekevu, badilisha dakika za kwanza za kurudi nyumbani. Ingia kama vile mbwa hayupo. Usimwite jina, usimtazame machoni, usimnyooshee mkono. Weka mkoba, vua viatu, kanywe maji. Wapo wanaoniambia huo ni ukatili, mnyama amekungoja kutwa nzima halafu unampita. Kwa mbwa huyu ni nafuu kubwa, kwa sababu hakuna tena mtu mrefu anayemjia usoni akitaka jibu la papo hapo. Mwache azunguke, anuse suruali yako, atikise mkia. Zikipita dakika tano hadi kumi, naye amekuja mwenyewe huku miguu yote minne imekaza chini na mgongo umenyooka, ndipo umsalimie.

Na salamu yenyewe ina adabu zake. Geuka ubavu, usimkabili kifua kwa kifua. Chuchumaa badala ya kuinama, kwa maana mtu anayeinama anamfunika mbwa kwa mwili wake wote, na hilo ndilo linalomwangusha chali. Tazama pembeni. Peleka mkono kwa chini, kiganja kikitazama juu, umkune kifuani au chini ya kidevu. Kichwani na mgongoni pasubiri miezi mingine. Mkune sekunde chache, ondoa mkono, uone. Akisogea tena, ameomba, mwongezee. Akilamba midomo, akishusha kiuno au kugeuza uso, simama taratibu ukaendelee na shughuli zako. Sauti iwe ya kawaida, ile unayomwombea mtu chumvi mezani, kwa kuwa sauti nzito humtisha na sauti nyembamba ya kubembeleza humchachawisha.

Ikitokea amekojoa, usiseme kitu. Usigune, usikunje uso, wala usimpe pole nyingi. Ondoka hapo, naye aondoke, usafishe akiwa hayupo. Hili la kusafisha akiwa hayupo ni la maana kuliko linavyoonekana: mtu anayepiga deki kwa hasira, akisukuma fimbo ya kideki huku na huko mbele ya mbwa mwoga, anampa sababu mpya ya kukojoa.

Chakula kinasaidia sana. Weka karibu na mlango kopo lenye vipande vya maini yaliyochemshwa bila chumvi wala kitunguu, vidogo kama punje za mahindi. Mlinzi akifungua, mbwa akianza kuja, tupa vipande vitatu vinne chini, kando yako, kabla hajakufikia. Pua inashuka, anaanza kutafuta, na muda ule wa hatari unapita akiwa na kazi nyingine. Baada ya siku kadhaa utaona anafika getini akitazama chini kutafuta maini badala ya kutazama uso wako kwa hofu.

Kisha mfundishe kitu cha kufanya anaposalimia. Mimi nawapendekezea watu kugusa kiganja. Shusha mkono wazi usawa wa pua yake, hatua moja kutoka alipo. Akinyoosha shingo kunusa, sema "vizuri" na umpe kipande. Rudia mara chache, uache akiwa bado anataka. Mbwa anayenyoosha shingo kugusa kiganja lazima asimame kwa miguu minne na asogee mbele, na mbwa aliye katika mkao huo ni vigumu kulala chali. Baadaye mfundishe kukaa na kuja akiitwa, kwa namna hiyohiyo ya kumlipa anapopatia. Dakika tatu asubuhi na tatu jioni zinatosha. Na sharti liwe moja: akiitwa akaja, asipate baya, hata kama dakika moja kabla alikuwa ametafuna kiatu. Kwa mbwa wa namna hii ujasiri hujengwa kwa kufaulu vitu vidogo mara nyingi, na ujasiri ukiongezeka mkojo unapungua wenyewe.

Mbwa wa furaha anahitaji mambo machache zaidi ya hayo. Salamu zake zifanyike nje, kwenye mchanga au majani, ili matone yakidondoka yasiwe habari. Kabla wageni hawajafika, atolewe akakojoe kwanza. Kibofu kikiwa kitupu, furaha haina cha kumwaga. Usimtie mori mlangoni kwa "nani kaja? nani kaja?", maana ukimpandisha wewe mwenyewe huwezi kumlaumu akifurika. Wengine hutulia wakiwa wameshika mwanasesere wa kamba mdomoni. Lakini lenye uzito kuliko yote ni jinsi anavyoushinda mchana. Majumbani kwetu mbwa hufungiwa bandani tangu asubuhi na kufunguliwa usiku alinde, na kuna watoto wa mbwa ambao kwa saa kumi au zaidi hawaoni uso wa mtu. Mtoto aliyekaa peke yake kiasi hicho, kibofu kimejaa na moyo umejaa, akifunguliwa ataruka na kukojoa, hana jinsi. Mtoeni mchana walau mara mbili. Mtu akae naye, amtembeze hata ndani ya ua, amwache anuse. Fujo za jioni zitapungua kwa hilo pekee.

Sasa watu wa nyumbani. Jambo ninalolikuta mara kwa mara ni mbwa anayejikojolea kwa mtu mmoja tu, na mtu huyo mara nyingi ni mlinzi au baba. Mlinzi hutembea na rungu, hulipiga chini kumrudisha mbwa bandani, na huamini kwamba mbwa asiyemwogopa hatamtii. Kaa naye kwa heshima, umweleze. Mwambie rungu aliegemeze ukutani, aketi kwenye kiti chake getini, adondoshe vipande vya chakula kando ya kiti bila kumtazama mbwa wala kumwita. Siku za mwanzo mbwa atachukua na kukimbia. Zikipita wiki, atakula papo hapo. Siku atakayolala mwenyewe karibu na kile kiti, mlinzi atakuwa na msaidizi wa kweli wa lindo, kwa kuwa mbwa hulinda vizuri mahali anapopahesabu kuwa pake, pamoja na watu anaowaamini. Nawasihi pia wenye German Shepherd na machotara wao wasimkatie tamaa mbwa mapema. Kujikojolea utotoni kunaonekana sana kwa majike, na hata kwa jamii za mbwa zinazosifiwa kwa ulinzi. Hakusemi chochote kuhusu atakavyobweka akikomaa.

Watoto wanataka maelekezo mafupi: usimkimbilie, usimkumbatie, kaa chini umsubiri. Kumbatio kwa binadamu ni upendo, lakini mbwa mwoga huliona kama kukamatwa.

Kusafisha kuna hatari ambayo wengi hawaijui. Usimwage jiki juu ya mkojo mbichi. Mkojo una amonia, na amonia ikikutana na jiki hutoa hewa inayounguza macho na mapafu. Usichanganye pia jiki na siki, ni hatari vilevile. Futa mkojo kwa tambara au karatasi, osha kwa maji na sabuni, kisha pitisha siki nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu. Ukipata sabuni yenye vimeng'enya, ile ya kuondoa harufu za wanyama, itafanya vizuri zaidi kwenye zulia. Epuka visafishaji vyenye amonia, kwa sababu pua ya mbwa inavipokea kama mkojo na kumwita arudie hapo hapo. Vaa glovu. Bakteria wa leptospira hupitia mkojo wa wanyama, mbwa wakiwemo, na Watanzania waliujua ugonjwa huo kwa jina la homa ya mgunda ulipozuka mkoani Lindi mwaka 2022. Mwulize daktari chanjo yake siku mnapokwenda kwa chanjo ya kichaa cha mbwa.

Kwa familia za Kiislamu za mwambao, ambazo nyingi hufuata madhehebu ya Shafi, mkojo wa mbwa ni najisi nzito inayooshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Ni haki yao kulilinda baraza na mahali pa kuswalia. Na kwa bahati njema adabu ya dini inakwenda sambamba na tiba ya mbwa huyu: salamu zote ziwe nje uani, mbali na mlango, mtu aje akiwa bado na nguo za kazi, mbwa amalize mambo yake mchangani. Hakuna haja ya kumfukuza kwa mateke apite mbali. Mpangieni mahali pake pa kupokelea watu, na azoezwe hapo.

Mbwa wengi huacha tabia hii wakikaribia mwaka mmoja, msuli wa kibofu unapokomaa na akili ikitulia, mradi hawakutishwa njiani. Usitarajie mstari ulionyooka. Atakaa wiki mbili bila tone, kisha fundi wa bomba mwenye kofia kubwa ataingia na ngazi begani, na dimbwi litarudi. Endelea kama jana. Sikukuu zikikaribia, jipange: wageni wa Idi au Krismasi wakianza kuingia, mbwa awe chumba cha nyuma na kitu cha kutafuna. Watu wakishaketi, mtoe kwanza nje akakojoe, ndipo umlete, na waambie wageni mapema wasimtazame wala kumwita. Wengi hawatii mara ya kwanza. Simama kati yao na mbwa, urudie kuwaambia bila kuona haya.

Akivuka mwaka na nusu bado anajikojolea kila siku, rudi kwa daktari hata kama vipimo vya awali vilikuwa safi. Nenda na daftari la wiki mbili zilizopita: saa ngapi, mahali gani, nani alikuwepo, alikuwa amesimama au amelala, na mtu aliye karibu naye alikuwa anafanya nini. Safu hiyo ya mwisho ndiyo ambayo watu husahau kuijaza.